Charles Steinmetz na Umeme wa Aina Mbili

Kiswahili hulitumia neno umeme kwa mambo mawili: ule unaomweka mawinguni kabla ya ngurumo, na ule unaopita katika waya hadi kwenye taa. Waliolipanua neno hilo hawakukosea, maana asili ya vitu hivyo viwili ni moja. Lakini umeme wa mawinguni ukiingia katika waya wa nyumba, vyombo huharibika na pengine nyumba yenyewe huungua. Mmoja wa watu waliojitahidi zaidi kuuelewa mkutano huo ni Charles Proteus Steinmetz, mtaalamu wa hesabu aliyefariki miaka mia moja na zaidi iliyopita.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 katika mji wa Breslau, wakati huo ukiwa wa Prussia. Leo ni Wrocław, nchini Poland. Wazazi walimwita Karl August Rudolf. Mama alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Kutoka kwa baba alirithi mgongo uliopinda, na alipokuwa mtu mzima kimo chake kilizidi kidogo tu mita 1.2. Darasani, hata hivyo, hesabu zilimjia kwa urahisi. Mwaka 1883 aliingia chuo kikuu cha Breslau, ambako wanafunzi wenzake walimbandika jina la Proteus, yule mzee wa bahari katika hadithi za Wagiriki, aliyejigeuza maumbo mengi na kusema kweli tu kwa yule aliyemshika asimwachie.

Pale chuoni alijiunga na kundi la wanafunzi wasoshalisti, jambo ambalo serikali ya Bismarck haikulivumilia. Mwaka 1888, shahada ya udaktari ikiwa karibu kukamilika, ilimbidi akimbie ili asikamatwe. Alikaa Zürich, Uswisi, kwa muda, na mwaka 1889 akapanda meli kwenda Marekani pamoja na rafiki yake Mdenmark, Oscar Asmussen. Maofisa wa uhamiaji wa New York walipomtazama walisita: hakuwa na fedha, Kiingereza chake kilikuwa haba, na mwili wake waliuona kuwa wa mtu atakayekuwa mzigo kwa wengine. Rafiki yake alimdhamini, ndipo akaruhusiwa kuingia. Baadaye, alipojichagulia jina la Kimarekani, alibaki na lile la utani: Charles Proteus.

Kazi ya kwanza aliipata Yonkers, karibu na New York, katika karakana ya Rudolf Eickemeyer. Huko alikabili tatizo lililowasumbua watengenezaji wa mota na transfoma. Chuma kinachogeuzwa sumaku huku na huku mara nyingi kwa sekunde hupata joto, na joto hilo ni nguvu inayopotea bure. Mpaka wakati huo ilibidi mashine ijengwe kwanza, ndipo hasara yake ijulikane. Mwaka 1892 Steinmetz alitoa kanuni iliyomwezesha fundi kuipiga hesabu hasara hiyo juu ya karatasi, kabla ya kukata chuma. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme huko Chicago, alionyesha jinsi namba changamano zinavyoweza kurahisisha hesabu za mkondo unaogeuka mwelekeo. Kwa kuwa wahandisi wengi hawakumfuata, aliandika vitabu vya kufundishia, kimoja baada ya kingine. Wanafunzi waliovisoma ndio waliozieneza hesabu zake.

Kampuni ya General Electric ilipoinunua karakana ya Eickemeyer, Steinmetz alichukuliwa pamoja na mashine. Kuanzia mwaka 1894 aliishi Schenectady, jimbo la New York, na tangu 1902 alifundisha pia katika chuo cha Union mjini humo. Hakuoa, kwa kuogopa kuwarithisha watoto mgongo wake. Badala yake alimlea kama mwana msaidizi wake wa maabara, Joseph Hayden, akaishi na Hayden, mke wake na watoto wao watatu, waliomwita babu.

Wakati huo nyaya za umeme zilikuwa zikirefuka mwaka hadi mwaka, kutoka kwenye maporomoko ya maji hadi mijini. Waya mrefu juu ya nguzo hupigwa na radi. Hata radi ikianguka kando yake, volti zake huruka juu kwa muda mfupi mno. Kuwasha na kuzima mashine kubwa nako huleta mruko kama huo. Steinmetz aliona kwamba hesabu za mkondo uliotulia hazitoshi kueleza mambo hayo, na mwaka 1909 akachapisha kitabu kizima juu ya yale yanayopita upesi katika umeme. Fundisho lake kuu ni kwamba waya si ule ule wakati wote. Mkondo ukiwa umetulia, waya mnene ni njia wazi. Mkondo ukibadilika ghafula, waya huo huo huupinga, na urefu wake unakuwa kizuizi.

Kiangazi cha 1920 radi ilikipiga kibanda chake cha mapumziko karibu na mto Mohawk na kukivunjavunja kioo kimoja. Steinmetz aliviokota vipande, akavipanga upya katikati ya vioo viwili, na kuzifuata alama zilizoachwa na mkondo. Kisha akaamua kutengeneza radi yake mwenyewe. Mwaka 1922 alionyesha mtambo wa kapasita nyingi zilizokusanya umeme polepole na kuuachia kwa mpigo mmoja wa volti 120,000 na amperi 10,000 hivi, kwa muda wa sehemu moja ya laki ya sekunde. Magazeti yalipenda kusimulia jinsi ulivyopasua vipande vya miti. Lengo, hata hivyo, lilikuwa kuvijaribu vifaa vya kukinga nyaya bila kungoja mvua. Kinga za siku zile nyingi zilikuwa vyombo vya alumini vyenye maji ya kemikali, ambavyo mfanyakazi alipaswa kuvichaji kila siku.

Leo kinga hiyo imekuwa ndogo kama kiganja na huingia katika tablo ya nyumba, kando ya vikata-umeme. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa huiita parafudri. Kazi yake haikubadilika. Volti zikiwa za kawaida, inafunga njia. Zikiruka, inafungua njia kwenda ardhini, kisha inafunga tena. Haishindani na radi kwa nguvu, bali huipa mahali pa kupita. Kwa hiyo pasipo waya mzuri wa ardhi, kifaa hicho ni pambo tu. Nyaya zinazokiunga lazima ziwe fupi, zisizidi sentimita 50 kwa jumla, kwa sababu mpigo wa amperi 10,000 huongeza volti kama elfu moja katika kila mita ya waya. Fundi anayeuacha waya mrefu uliokunjwa vizuri ili tablo ipendeze amekiondolea kifaa sehemu kubwa ya kazi yake. Sababu yake imo katika lile fundisho la mwaka 1909.

Jambo hili linatuhusu. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sehemu moja ya mashariki mwa Kongo hupata mimweko zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani inatanguliwa na ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Penye radi nyingi hivyo, kompyuta na friji zinazonunuliwa kwa akiba ya miaka zinahitaji kinga hiyo kuliko karibu popote pengine.

Steinmetz hakuuacha usoshalisti wake alipopata sifa. Wasoshalisti waliposhinda uchaguzi wa Schenectady mwaka 1911, aliongoza halmashauri ya elimu ya mji, na baadaye baraza la mji. Aliyekaribia kurudishwa bandarini kwa mwili wake na kwa lugha yake alishughulika na madarasa ya watoto wa wahamiaji. Tarehe 26 Oktoba 1923, siku chache baada ya kurudi kutoka safari ndefu ya magharibi ya Marekani, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 58. Alizikwa Schenectady, na majaribio ya radi ya kutengenezwa yakaendelea katika maabara ya kampuni, kwa volti nyingi kuliko alizowahi kuzifikia.