Kardinali Manning, Mpatanishi wa Wafanya Kazi
Mwezi Agosti 1889 wachukuzi wa bandari ya London waligoma, wakidai peni 6 kwa saa badala ya 5. Njaa ikaingia majumbani mwao. Mabwana wa bandari wakashupaa. Kardinali Manning, Askofu Mkuu wa Westminster, alikuwa mzee wa miaka 81. Aliwaendea mabwana, kisha akawaendea wachukuzi katika shule ya Kikatoliki huko Poplar. Mabwana walitaka nyongeza ingoje hadi Januari, wachukuzi waliitaka mapema zaidi. Akawapatanisha ianze Novemba 4. Tarehe 14 Septemba mapatano yakafikiwa. Sisi twaona hapa kwamba mpatanishi wa kweli hamwambii mnyonge anyamaze, bali humtafutia haki yake pasipo kumvunjia tajiri heshima.