Frantz Fanon: Daktari aliyewatibu walioteswa na waliotesa

KILA mara vijana wanapoingia barabarani kudai haki zao, jina la Frantz Fanon halikosi kuzuka mitandaoni. Wengi wetu tunamjua kama yule jamaa aliyeandika kwamba mkoloni haondoki kwa kubembelezwa. Ni kweli aliandika hivyo. Lakini kazi iliyompa riziki ilikuwa ya kutibu wagonjwa wa akili, na ukilisahau hilo utamwelewa nusu nusu.

Fanon alizaliwa Julai 20, 1925 mjini Fort-de-France kwenye kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibi. Babake alikuwa afisa wa forodha, mamake akiuza duka. Mshairi Aimé Césaire alikuwa mmoja wa walimu katika shule yao. Watoto wa huko, ngozi nyeusi na yote, walifunzwa kwamba wao ni Wafaransa kamili. Fanon naye aliamini.

Aliamini kiasi kwamba mnamo 1944, akiwa na miaka 18, alijitolea kwenda Ulaya kupigana na Wanazi. Jeshini ndipo macho yalipoanza kumfunguka. Wanajeshi walipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwafrika chini, na watu wa Martinique kama yeye wakielea katikati bila kujua wawekwe wapi. Alijeruhiwa na kombora akapewa medali ya ushujaa. Hebu sikia kinaya hiki: hati ya medali ile ilitiwa saini na Kanali Raoul Salan. Miaka michache baadaye, Salan huyo huyo ndiye aliyekuja kuongoza majeshi ya Ufaransa katika vita vya Algeria, na Fanon akawa upande wa pili.

Vita vilipokwisha alisomea udaktari mjini Lyon. Huko, hata mtoto mdogo wa Kizungu aliweza kumwona njiani na kumkumbatia mamake kwa woga.  Fanon alikaa chini akaanza kuchunguza rangi humfanya nini mtu kichwani: yule anayedharauliwa, na pia yule anayedharau. Aliiandika kazi hiyo akinuia kuitoa kama tasnifu ya udaktari ila ikakataliwa. Akaandika nyingine upesi upesi kuhusu ugonjwa wa neva wa kurithi, akahitimu 1951. Ile iliyokataliwa ikachapishwa kama kitabu mwaka wa 1952, naye alikuwa na miaka 26 tu. Hakujua kupiga taipu. Alikuwa akitembea chumbani huku akitamka maneno, naye Josie, Mfaransa mweupe aliyekuja kuwa mkewe, akiyaandika.

Novemba 1953 alipata kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, karibu na jiji la Algiers. Alikabidhiwa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220, kila kundi na wodi zake. Aliwapangia wote shughuli za kuwachangamsha kama alivyojifunza Ufaransa: filamu, nyimbo, sherehe, kusuka vikapu. Wale wanawake walianza kupata nafuu baada ya wiki chache. Wanaume wakamtazama tu. Kusuka vikapu? Kwao hiyo ilikuwa kazi ya wanawake. Sherehe zenyewe za Kikristo, na daktari hata Kiarabu hajui, anaongea kupitia mkalimani!

Hapa ndipo mimi humpendea. Angeweza kusema, kama walivyosema madaktari wakoloni wa enzi hizo, kwamba ubongo wa Mwafrika una kasoro. Badala yake alikiri hadharani, katika makala aliyoandika na mwanafunzi wake, kwamba kosa lilikuwa lake. Akafungua mkahawa wa kahawa ndani ya hospitali, akaleta msimulizi wa hadithi, akawaandalia sikukuu za Kiislamu na uwanja wa kandanda. Wanaume wale wakaanza kuzungumza.

Novemba 1954 vita vya ukombozi vikalipuka. Mchana Fanon alitibu wagonjwa. Kwa siri akawasaidia wapiganaji wa chama cha FLN. Wodini wakaja watu wa pande zote mbili. Kuna afisa wa polisi Mzungu ambaye kazi yake ya kutesa mahabusu ilikuwa imemkosesha usingizi. Siku moja, akienda kumtafuta Fanon katika uwanja wa hospitali, alikutana ana kwa ana na Mwalgeria aliyekuwa amemtesa kituoni. Fanon alimkuta polisi yule ameegemea mti, jasho likimtiririka, anatetemeka. Na yule Mwalgeria? Wahudumu walimtafuta kote wakampata msalani akijaribu kujiua, kwani aliamini polisi wamemfuata hadi hospitalini kumrudisha. Ilichukua muda mrefu kumtuliza.

Daktari afanye nini hapo? Amtibu polisi apone, kisha arudi kazini kutesa? Mwishoni mwa 1956 Fanon aliandika barua ya kujiuzulu, na Januari 1957 akafukuzwa Algeria. Alihamia Tunis, akaandikia gazeti la wapiganaji huku akiendelea kutibu wakimbizi.

Desemba 1958 alikuwa Accra, kwenye mkutano mkuu wa Waafrika ulioandaliwa na Kwame Nkrumah. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wetu Tom Mboya, umri miaka 28. Nkrumah na wengi mle ukumbini walipendelea ukombozi bila kumwaga damu. Fanon, akiwa katika ujumbe wa Algeria, alisimama kueleza kwa nini kwao njia hiyo ilikuwa imefungwa, akagusa nyoyo za wengi.

Kufikia mwisho wa 1960 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Alitibiwa Moscow, akarudi Tunis, na kwa wiki chache za mwaka wa 1961 akatamka kitabu chake cha mwisho, ambacho Waswahili tunacho kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri iliyochapishwa Dar es Salaam. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma kitabu hicho alipokuwa mwanafunzi Leeds, kikamgeuza. Watu wengi huishia sura ya kwanza, ile ya nguvu na mapambano. Sura ya mwisho ina mafaili ya wagonjwa: polisi yule chini ya mti, mwenzake aliyefikia kumpiga mkewe na watoto, vijana wawili wa Kialgeria waliomuua rafiki yao wa Kizungu waliyekuwa wakicheza naye. Hakuwaficha hawa wa upande wake.

Kitabu kilipotoka, serikali ya Ufaransa ilikipiga marufuku. Nakala ilimfikia siku chache kabla ya kufa. Alifariki Desemba 6, 1961 katika hospitali moja jimbo la Maryland, Marekani, akiwa amelazwa kwa jina la Ibrahim Fanon. Alikuwa na miaka 36. Mwili ulisafirishwa hadi Tunis, kisha wapiganaji wakaubeba na kuuvusha mpaka, wakamzika katika ardhi ya Algeria kama alivyotaka. Miezi saba baadaye nchi ikapata uhuru. Hospitali ya Blida sasa inaitwa Frantz Fanon.