Maisha ya Daktari Semmelweis

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 mjini Buda, nchi ya Hungaria. Mwaka 1846 akawa daktari msaidizi katika hospitali kuu ya Vienna, walimofundishwa wanafunzi wa chuo kikuu. Humo mlikuwa na pande mbili za kuzalia: moja ya wanafunzi wa udaktari, ya pili ya wakunga. Katika ule wa kwanza homa ya uzazi iliua wanawake wengi zaidi, wala sababu haikujulikana.

Mwaka 1847 rafiki yake Kolletschka alijeruhiwa kwa kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na huo. Ndipo Semmelweis alipotambua ya kuwa wanafunzi walitoka penye maiti wakaenda kwa wazazi, wakichukua mauti mikononi. Akaamuru wote wanawe kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 hivi katika kila 100. Mwezi wa Juni wawili tu.

Walakini wakubwa wengi hawakumsadiki. Mwaka 1850 akaondoka Vienna, na mwaka 1865 akafa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Twaona ya kuwa neno lililowashinda wenye elimu lilikuwa kukiri kwamba mikono yao wenyewe ilileta kifo. Nasi tuwaendeao wagonjwa tusidharau kunawa.