Honus Wagner: Mtoto wa machimbo aliyetikisa besiboli ya Marekani

KWA wakazi wa Geita, Nyarugusu, Kahama na Mwadui, habari ya mtoto kuacha daftari na kushika sururu si ngeni. Dhahabu na almasi za ukanda huo zimewavuta wengi kabla ya wakati wao, ingawa sheria ya Tanzania inakataza walio chini ya miaka 18 kufanya kazi migodini.

Mmoja wa wanamichezo wakubwa kupata kutokea Marekani alipita njia hiyo hiyo, ila yeye alichimba makaa ya mawe.

Johannes Peter Wagner, maarufu kwa jina la Honus, alizaliwa Februari 24, 1874, katika mji mdogo wa Chartiers, ambao leo ni Carnegie, jirani na Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Alipofikisha miaka 12 aliacha shule, akamfuata baba na kaka zake mgodini.

Muda wa mapumziko ndugu hao waliutumia kucheza besiboli, na aliyehesabiwa kuwa hodari zaidi ni kaka yake, Albert. Mwaka 1895 timu ya Steubenville, Ohio, ilipohitaji mchezaji, Albert ndiye aliyempendekeza mdogo wake. Fadhila hiyo ya kaka ilimtoa Honus shimoni moja kwa moja. Mwaka 1897 alikuwa tayari ligi kuu akiichezea Louisville, na timu hiyo ilipofutwa baada ya msimu wa 1899, mmiliki wake, Barney Dreyfuss, alihamia Pittsburgh na wachezaji wake bora. Wagner akawa amerudi nyumbani.

Alizungushwa karibu kila nafasi uwanjani, hadi mwaka 1903 alipokabidhiwa kwa kudumu nafasi ya shotistopu, yaani mlinzi asimamaye kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, mipira mingi ya chini huelekea upande huo. Mlinzi hana budi kuudaka mpira, kugeuka na kuurusha kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika.

Kwa kawaida kazi hiyo hupewa mtu mwepesi. Wagner alikuwa pandikizi la mtu, mwenye matege, kifua kipana na viganja kama sepetu. Ilisimuliwa kuwa alizoa mpira pamoja na changarawe, na vyote vikaruka kuelekea kituo cha kwanza. Aliitwa Mdachi Arukaye kwa sababu ya mbio zake na asili yake; Wamarekani wa enzi hizo waliwaita Wajerumani Wadachi, kama walivyofanya wazee wa Tanganyika.

Mwaka huo huo wa 1903 ulimpa aibu kubwa. Katika fainali ya kwanza ya dunia, Pittsburgh ilifungwa na Boston michezo 5 kwa 3. Wagner, bingwa wa kupiga wa ligi yake, alifanikiwa mara 6 tu kati ya 27, akafanya makosa 6 ya ulinzi, na ndiye aliyekuwa mchezaji wa mwisho kutolewa. Walitokea waliosema kuwa hana moyo wa mechi kubwa.

Alisubiri miaka sita kuwajibu. Mwaka 1908 nusura aache mchezo, akarejea baada ya mshahara wake kufikishwa dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 1909 Pittsburgh ilikutana na Detroit ya Ty Cobb, kijana mkali aliyeogopwa na kila mlinzi. Wagner, akiwa na miaka 35, aliiba vituo 6. Cobb aliambulia 2. Pittsburgh ilitwaa ubingwa kwa michezo 4 dhidi ya 3.

Alistaafu mwaka 1917 akiwa amekuwa bingwa wa kupiga mara 8 na kupata mipigo zaidi ya 3,400. Mwaka 1936 aliingizwa katika kundi la kwanza la wachezaji watano wa Jumba la Mashujaa wa besiboli, akilingana kura na Babe Ruth.

Hata hivyo, wengi wanamjua kwa kikaratasi. Mwaka 1909 kampuni ya American Tobacco ilianza kutia picha yake katika pakiti za sigara, naye akakataa. Wapo wasemao hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili yake, na wapo wasemao hakulipwa. Yeye mwenyewe alikuwa mtafunaji wa tumbaku, hivyo ubishi haujaisha. Vilivyosalia ni vichache mno, na mwaka 2022 kimoja kiliuzwa dola milioni 7.25.

Wagner alikuwa kocha msaidizi wa Pittsburgh kuanzia 1933 hadi 1951. Alifariki Desemba 6, 1955, mjini Carnegie, akiwa na miaka 81, miezi michache baada ya kushuhudia sanamu yake ikizinduliwa. Sanamu hiyo sasa imesimama nje ya uwanja wa PNC Park, Pittsburgh.