Askofu Kataliko na iniversite yenye alipanda karibu na soko

Leo tunaelezea maisha ya mutu mwenye wengi wetu tunajua jina lake, lakini vijana wengi hawajui kazi yake: Askofu Emmanuel Kataliko. Padri na mwalimu wa katekisimu wanaweza kuwaelezea utakatifu wake kuliko sisi. Sisi wa sendika tunamukumbuka juu ya kitu ingine. Alipanda iniversite ndani ya muji wa Butembo, muji wa watu wenye walijua biashara mbele ya kujua kitabu. Na shida ya kuunganisha kitabu na kazi ingali katika nyumba zetu mupaka leo.

Alizaliwa mwaka wa 1932, hapa kwetu, wakati Wabeleji walikuwa wanatawala. Siku zile mutoto mweusi mwenye alitaka masomo marefu hakukuwa na njia mingi. Njia kubwa ilikuwa seminari. Kataliko akapita pale, akafika mupaka Roma, na kule akapewa upadri mwaka wa 1958. Mwaka wa 1966 akachaguliwa kuwa askofu wa Beni, wakati hakukuwa hata na miaka 35. Mwaka wa 1967 jimbo likapewa jina la Butembo-Beni. Alilichunga miaka 31.

Inchi yenye alikuta ilikuwa imetoka katika uasi wa Simba wa 1964. Kinshasa iko mbali, zaidi ya kilometa 1500, na kadiri miaka ya Mobutu ilikuwa inapita, njo serikali ilikuwa inasahau upande huu. Barabara zikaharibika, shule zikakosa vyombo. Kataliko hakungojea. Akajenga shule na vituo vya afya, akasukuma watu watengeneze barabara: mukulima na mikono yake, mufanyabiashara na kamiyo yake. Watu wa hapa wakazoea kujifanyia mambo yenye serikali haikufanya.

Wafanyabiashara hao tunawajua vizuri. Wengi walianza na kikapo cha mboga. Vitunguu, kabichi na viazi vya Lubero vilipelekwa Kisangani na mupaka Kinshasa. Kahawa ilipita Kasindi kuenda Uganda na Kenya. Kiisha wakaenda mbali zaidi, Dubai na Hong Kong, kutafuta bitambaa na vitu vya kuuzisha. Hawakujifunza kazi hiyo ku benchi ya shule. Kijana aliingia magazini ya baba ao ya mujomba, akafagia, akabeba mizigo, akahesabu karatoni, akapewa safari moja ya kujaribu. Kama alirudi na hesabu sawasawa, alipewa ya pili. Ile ilikuwa shule yao, na ilizaa matajiri.

Lakini shule ile ilikuwa na mupaka. Hesabu yote ilikaa katika kichwa ya muzee. Siku muzee alikufa, watoto waligombana juu hakuna buku. Benki ilikataa kukopesha juu hakuna karatasi. Na katika migodi ilikuwa vilevile. Tangu 1982, wakati serikali ya Zaire iliruhusu raia wachimbe zahabu kwa mikono, watu wengi wa Butembo na Lubero walijaa ku Manguredjipa na ku Ituri. Walijua kuchimba, walijua kusafisha muchanga. Lakini wengi wao hawakujua namna bei inatengenezwa.

Na kwa upande wa kitabu, njia ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka wa 1971 serikali ilikamata iniversite zote, ikazifanya kitu kimoja, UNAZA, na makao yake yalikuwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Hata kiisha UNAZA kugawanywa mwaka wa 1981, kijana wa Beni mwenye alitaka kusoma ekonomi ilibidi aende mbali na kwao miaka mingi. Akisoma kule, anasahau soko ya kwao. Wengine hawakurudi tena.

Njo hapo kazi ya Kataliko inaonekana. Mwaka wa 1989 akaanzisha Iniversite Katolika ya Graben ku Butembo. Ile jina Graben inatoka katika luga ya Kijerumani, maana yake ni shimo ndefu ao mufereji, na hapa ni lile bonde kubwa lenye kubeba ziwa Eduard na muto Semliki. Sisi wachimbaji hatuwezi kusahau jina kama hilo. Iniversite yao nayo imeitwa shimo!

Muangalie masomo yenye yanafundishwa pale: sheria, ekonomi, munganga wa watu, munganga wa wanyama, kilimo. Ni kazi zenye inchi hii ilikuwa inahitaji. Mwanafunzi wa unganga ana kliniki ya iniversite, anaona mugonjwa wa kweli, anagusa damu ya kweli mbele ya kupewa diploma. Hakuna mutu angekubali kupasuliwa na munganga mwenye alisoma vitabu tu.

Sasa tunauliza: na mwanafunzi wa ekonomi, kliniki yake iko wapi? Kwa maoni yetu, kliniki yake ilikuwa tayari pale inje: soko ya Butembo, madepo, kamiyo za Kasindi, nyumba zenye kununua zahabu. Iniversite ya mambo ya biashara iliwekwa katikati ya biashara. Mwanafunzi anatoka ku somo saa sita, na saa saba anaweza kuwa nyuma ya kontwari ya mama yake. Kataliko alileta shule karibu na kazi. Kuvipatanisha, aliachia watu wenye walibaki.

Yeye mwenyewe hakupewa wakati wa kuona matunda mingi. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Munzihirwa aliuawa Bukavu. Mwezi wa tatu 1997 Kataliko akapewa nafasi ile, nafasi yenye damu ingali mbichi. Ku Noeli ya 1999 aliandikia wakristo barua. Alisema wazi kama wageni, pamoja na Wakongomani wengine, walikuwa wanafanya vita na mali ya inchi yetu. Mali hiyo njo yenye inatoka katika mashimo yetu. Mwezi wa pili 2000, waasi wa RCD wakamukataza kurudi Bukavu, akabaki Butembo kama mutu aliyefungwa kwao. Bukavu watu walilalamika miezi na miezi. Tarehe 14 Septemba wakamuacha arudi. Siku 20 kiisha, tarehe 4 Oktoba 2000, alikufa ku Roma, roho ikisimama. Alizikwa Bukavu.

Iniversite imebaki. Lakini je, masomo na kazi vimeoana? Tuseme ukweli. Mwanafunzi akimaliza, anatumwa staji ya muda mufupi. Mara mingi anaikalia ofisini, anapiga fotokopi, anatafuta sinyatire, kiisha anaandika kazi yake ya mwisho akinakili ya mwaka uliopita. Na huku, koperative ya wachimbaji inatafuta mutu wa kuchunga buku na haimupati. Tangu sheria ya migodi ya 2018, muchimbaji wa mikono anapashwa kuwa ndani ya koperative. Koperative bila hesabu ni jina tu: mwenye kushika kalamu njo atashika feza.

Tuchukue mufano mumoja. Bei ya zahabu ya dunia inasemwa kwa onsi, na onsi moja ni gramu 31,1. Mutoto wetu wa iniversite anajua hiyo, anaweza kuangalia bei katika telefone na kugawanya. Lakini hajawahi kuona namna mizani inachezewa, wala namna negosian anaangalia rangi ya zahabu na kusema ni chafu, apunguze. Baba yake anajua hiyo yote, lakini hajui kugawanya na 31,1. Kila mumoja peke yake anaibiwa. Wakikaa pamoja ku mizani moja, mwizi anapata shida.

Kwa hiyo, wandugu, tunaomba vitu vitatu. Kila koperative ipokee mwanafunzi mumoja ao wawili kila mwaka, imupatie kazi ya kweli: buku ya kilo zenye zimetoka, buku ya madeni, buku ya wagonjwa wa shimo. Apewe chakula na tiketi ya njia, asiwe mutumwa. Wazazi wenye magazini wasikubali mutoto atupe buku ya mama kwa kusema ni ya kizamani. Aitengeneze, aifanye muzuri zaidi. Na walimu, wapatie pointi kazi yenye imefanywa ku shimo na ku soko, si yenye imenakiliwa.

Askofu Kataliko alitupatia shule mulangoni. Kijana wa kuvuka ule mulango, buku mukononi, akienda ku mizani ya baba yake, tutamutuma sisi wenyewe.