Joy Adamson: Mchoraji aliyejulikana kwa simba

Ukimtajia Mkenya jina la Joy Adamson, mara moja atakutajia simba Elsa. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya simba huyo kuzaliwa mwaka wa 1956, mama huyu alikuwa amekwisha kuifanyia Kenya kazi nyingine, pengine iliyo kubwa zaidi: kuwachora watu wake. Wachache zaidi wanajua kwamba njia iliyompeleka kaskazini mwa nchi ilianzia Garissa.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizi huitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alisomea piano mjini Vienna, akajaribu pia uchongaji wa sanamu. Alifika Kenya mwaka wa 1937 akiwa mke wa Viktor von Klarwill, lakini ndoa hiyo haikudumu. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na ni Bally aliyempa jina la Joy.

Bally alikusanya mimea. Mkewe akaanza kuichora. Hakuwa na nia ya kuwa mchoraji, ila ua lililochumwa hunyauka upesi na rangi yake hupotea, na mtaalamu anahitaji kuikumbuka. Kazi iliyoanza kama msaada kwa mume ikamtunukia, mwaka wa 1947, nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka kwa chama cha kifalme cha wakulima wa bustani cha Uingereza.

Mwishoni mwa mwaka wa 1942, Joy na Bally walikuwa Garissa kwa sikukuu ya Krismasi. Wakati huo Garissa ilikuwa kituo kidogo kando ya Mto Tana, ndani ya ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ambayo serikali ya kikoloni iliifunga, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Hapo ndipo alipokutana na George Adamson, askari wa wanyamapori aliyezoea kuizunguka nchi hiyo kavu kwa ngamia. Walioana mwaka wa 1944 na kuhamia Isiolo. Ndoa yao ilijaa ugomvi, na si siri. Lakini ilimfungulia Joy mlango wa nchi ambayo wachoraji wengine hawakuweza kuifikia.

Mwaka wa 1949 serikali ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kwa kuhofia kwamba mambo hayo yangetoweka. Kwa miaka kadhaa alisafiri huku na huko, akachora mamia ya picha: wazee, wanawari, wapiganaji na waganga. Shanga huonekana moja moja, na makovu ya chale pia. Mwaka wa 1967 nyingi ya picha hizo zilitokea katika kitabu chake kuhusu jamii za Kenya.

Kazi hii haikosi dosari. Serikali iliyotaka kuhifadhi mapambo ya watu ndiyo hiyo iliyotangaza hali ya hatari mwaka wa 1952 na kuwatia maelfu kizuizini. Tena mchoraji alipenda vazi la sherehe kuliko nguo ya kila siku, hivyo mtazamaji aweza kudhani kwamba babu zetu waliishi wakiwa wamejipamba daima. Hata hivyo, leo mtu anayetaka kujua bibi zake walivyovaa huenda asipate ushahidi wa rangi ulio bora kuliko huu. Picha hizo zikawa mali ya taifa, nyingine katika Makumbusho ya Taifa, nyingine Ikulu, zote Nairobi. Mwanafunzi wa Garissa hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 350 ili azione.

Kitabu chake kuhusu Elsa kilipotoka mwaka wa 1960, umaarufu wa simba uliifunika brashi. Baadaye ajali ya gari ilimuumiza mkono vibaya, na kuchora kukawa shida.

Joy aliuawa Januari 3, 1980 huko Shaba, na mtu aliyewahi kumfanyia kazi akatiwa hatiani. Majivu yake yalipelekwa Meru, alikozikwa Elsa. George aliuawa kwa risasi na majambazi Agosti 20, 1989, akazikwa Kora, kando ya Mto Tana, mto uo huo unaoteremka hadi Garissa walikokutana.