John Scott Haldane: Daktari aliyetumia mbuzi kuwaokoa wazamiaji

Mgeni anayefika kwenye hoteli ya wazamiaji katika visiwa vya Karibiani, tuseme Bonaire au Roatán, hapewi mtungi wa hewa na kuachiwa bahari. Kwanza anajaza fomu ndefu ya maswali ya afya. Ana pumu? Ana ugonjwa wa moyo? Amewahi kupasuliwa kifua? Akijibu ndiyo, anaweza kuambiwa alete barua ya daktari. Kama hajawahi kuzamia, anafundishwa kwenye bwawa la kuogelea au kwenye maji ya kina kifupi, na hata akipata cheti cha kwanza anaambiwa asivuke mita 18. Kwa wanaozamia kwa kujiburudisha, hata wazoefu, mwisho ni mita 40.

Kisha inakuja kanuni inayowashangaza wengi. Mgeni akishamaliza kutazama matumbawe, samaki na kasa, haruhusiwi kuibuka haraka. Anapanda taratibu, na akibakiza mita 5 anasimama dakika 3 akining'inia majini bila kufanya lolote. Siku ya mwisho ya likizo hazamii kabisa. Mtu aliyezamia mara kadhaa anatakiwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na wenyeji wengi humwambia angoje saa 24.

Ukiuliza kwa nini, jibu linaturudisha zaidi ya miaka 100 nyuma, kwa daktari mmoja wa Uskoti na kundi la mbuzi.

Chupa ya soda

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Hewa tunayovuta, sehemu nne kati ya tano ni gesi ya naitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Tukiwa nchi kavu inaingia na kutoka bila madhara. Lakini maji ni mazito. Mita 10 chini ya bahari mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, mita 20 ni mara tatu, mita 50 ni mara sita. Mzamiaji anayepumua hewa huko chini anaingiziwa naitrojeni nyingi, nayo inayeyuka ndani ya damu, nyama na mafuta ya mwili.

Fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu, gesi imetulia ndani ya maji. Ifungue ghafla, inafoka. Mzamiaji anayeibuka ghafla anafanana na chupa hiyo, ila povu linatokea ndani ya damu yake. Viputo vikikaa kwenye viungo, anapata maumivu makali ya mabega na magoti. Vikikaa kwenye uti wa mgongo, anapooza miguu. Vikizidi, anakufa.

Waliopata ugonjwa huu kwa wingi hapo mwanzo hawakuwa wazamiaji. Walikuwa vibarua wa karne ya 19 waliochimba misingi ya madaraja chini ya mito, ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa kwa nguvu ili maji yasiingie. Wakati wa kujenga daraja la Brooklyn kule New York, injinia mkuu mwenyewe, Washington Roebling, aliugua hadi akasimamia kazi iliyobaki akiwa nyumbani. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kwamba chanzo ni viputo vya naitrojeni. Alichokosa ni kipimo: mtu apande kwa mwendo gani, asimame wapi, na kwa muda gani.

Mtoto wa matajiri kwenye mitaa ya maskini

John Scott Haldane alizaliwa Edinburgh mwezi Mei 1860, katika ukoo wa matajiri wenye mashamba. Kaka yake Richard alikuja kuwa waziri wa vita wa Uingereza. John alisomea udaktari akamaliza mwaka 1884, lakini hakufungua zahanati. Alitaka kujua hewa inafanya nini ndani ya mwili wa mtu, na alidhani jibu haliko maabara peke yake. Katika mji wa Dundee aliingia usiku kwenye nyumba za maskini waliolala wengi chumba kimoja, akachukua hewa yao kwenye chupa ili kuipima. Aliingia hata kwenye mitaro ya maji machafu.

Mwaka 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, ulilipuka na kuua watu 57. Haldane alikwenda kuchunguza maiti. Wengi hawakuwa wameuawa na mlipuko. Walivuta kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua familia inapolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina harufu wala rangi. Haldane aliivuta yeye mwenyewe maabara, akiandika dalili zake hadi akashindwa kusimama sawasawa. Ndipo akashauri wachimbaji washuke na viumbe wadogo, panya au ndege aina ya kanari, kwa sababu hao huzidiwa mapema na kuwapa watu nafasi ya kukimbia. Migodi ya Uingereza iliendelea kutumia kanari hadi miaka ya 1980.

Leo tungeuliza kama daktari mwenye watoto nyumbani ana haki ya kujitia sumu namna ile. Kwake jambo lilikuwa jepesi: lisilomfaa yeye halikumfaa mchimbaji.

Mbuzi ndani ya chumba cha chuma

Mwaka 1905 jeshi la majini la Uingereza lilimwita. Wazamiaji wake, waliovaa kofia kubwa za shaba na kupuliziwa hewa kwa pampu za mkono, walikuwa wakizimia chini na kuugua wakifika juu.

Tatizo la kuzimia alilimaliza upesi. Hewa iliyopulizwa haikutosha kwa kina kile, kwa hiyo mzamiaji alivuta tena pumzi yake mwenyewe iliyojaa hewa ukaa. Dawa yake ilikuwa kuongeza hewa kadiri mtu anavyoshuka.

Tatizo la viputo lilikuwa gumu zaidi. Katika taasisi ya Lister jijini London kulikuwa na chumba cha chuma ambacho hewa yake ingeweza kugandamizwa. Haldane na wenzake wawili, daktari Arthur Boycott na ofisa wa jeshi la majini Guybon Damant, waliwaingiza mbuzi humo. Kwa nini mbuzi? Panya ni mdogo mno: damu yake inazunguka kasi na naitrojeni inatoka upesi, kwa hiyo haugui kama mtu. Mbuzi ana mwili wa kutosha. Tena mbuzi hafichi mguu unaouma. Mfugaji anajua: mbuzi aliyeumia anaukunja mguu juu na kukataa kuukanyagia. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yao. Mbuzi akitoka chumbani ameinua mguu, mara nyingi wa mbele, ujue kuna viputo kwenye kiungo. Wapo waliopooza. Wapo waliokufa.

Haldane alikuwa ameona jambo ambalo wengine walilipita. Mtu aliyekaa kwenye mgandamizo mara mbili ya kawaida, yaani mita 10, anaweza kupanda moja kwa moja asiumie. Akajiuliza: je, kinachodhuru si ukubwa wa mgandamizo, bali ni kuupunguza zaidi ya nusu kwa mara moja? Kama ni hivyo, mtu aliye mita 50, penye mgandamizo mara sita, anaweza kupanda upesi hadi mita 20, penye mara tatu. Hapo asimame, naitrojeni itoke kwa pumzi. Kisha apande kidogo, asimame tena, na kila anapokaribia juu asimame muda mrefu zaidi.

Siku zile mafundisho yalikuwa kinyume. Mzamiaji aliambiwa apande kwa mwendo mmoja wa polepole kutoka chini hadi juu. Haldane alisema hapo ndipo anapozidi kuumia, maana akiwa bado chini sana anaendelea kuingiza naitrojeni, na akifika karibu na juu, penye hatari, anapita bila kusimama. Walizijaribu njia zote mbili kwa mbuzi. Waliopandishwa kwa vituo walitoka salama zaidi.

Mwaka 1906 walihamia bahari ya Uskoti. Damant na mzamiaji mwingine wa jeshi, Andrew Catto, walishuka hadi mita 64, kina kikubwa mno kwa wakati ule, wakarudi wazima. Haldane alikuwa amekuja na familia yake. Mwanawe Jack, wa miaka 13, naye alivalishwa vazi la kuzamia akashushwa. Vazi lilikuwa kubwa kwake na maji yaliingia kwenye mikono, lakini alirudi juu salama. Mtoto huyo ndiye J.B.S. Haldane, aliyekuja kuwa mwanasayansi maarufu kuliko hata baba. Dada yake Naomi alikuwa mwandishi, na uzeeni Wabakgatla wa Botswana walimpokea kama mama yao.

Majedwali ya vituo yalichapishwa mwaka 1908. Jeshi la majini la Uingereza liliyachukua, na mengine yakafuata.

Dhahabu ya Laurentic

Jaribio kubwa la kazi hiyo lilikuja wakati wa vita. Januari 1917 meli Laurentic ilizamishwa na mabomu ya majini karibu na pwani ya Ireland, ikiwa na vipande 3,211 vya dhahabu ya serikali. Ilikaa kwenye kina cha mita 40 hivi, penye baridi na mawimbi makali. Damant, yule wa mbuzi, ndiye aliyepewa kazi ya kuitoa. Hadi mwaka 1924 vijana wake walikuwa wameshuka maelfu ya mara na kupandisha vipande 3,186. Hakuna hata mmoja aliyepoteza maisha.

Haldane mwenyewe vita vilimpeleka kwenye gesi. Wajerumani walipotumia klorini dhidi ya askari huko Ypres mwaka 1915, alitumwa Ufaransa kuitambua, kisha akarudi kuivuta maabara ili kutafuta kinga ya askari. Mwaka huo huo kaka yake aliondolewa serikalini kwa kusingiziwa kuwapenda Wajerumani. Baada ya vita aliendelea na utafiti wa migodi. Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 alisafiri hadi Uajemi na Iraq kuchunguza jinsi joto linavyowaua wafanyakazi wa mafuta. Aliporudi alishikwa na homa ya mapafu, akafariki Oxford mwezi Machi 1936.

Majedwali yake yamerekebishwa mara nyingi. Ilionekana yanabana kupita kiasi kwa anayekaa chini muda mfupi, na hayamtoshi anayekaa muda mrefu. Pia vipimo vya kisasa vimeonyesha kwamba viputo vidogo hutokea hata kwa mtu asiyeumwa. Lakini kile kifaa ambacho mgeni wa Bonaire anakifunga mkononi kama saa, kinachomwambia apande au asimame, bado kinapiga hesabu kwa mtindo wa Haldane. Hata katazo la ndege limetoka humo: angani mgandamizo ndani ya ndege ni mdogo kuliko wa ardhini, na naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kuanza kutoa povu.

Bahari moja, wazamiaji wawili

Roatán ni kisiwa cha Honduras. Mashariki yake, kwenye pwani ya bara ya nchi hiyo hiyo, wanaishi Wamiskito. Huko vijana wanazamia pia, lakini kutafuta kamba koche, ambao wengi huuzwa Marekani. Meli inawachukua kwenda bahari kuu kwa siku nyingi. Wanalipwa kwa uzito wa kamba waliowaleta. Kamba wa maji ya juu wamekwisha, kwa hiyo wanashuka mita 30 na zaidi, mitungi kumi au hata zaidi kwa siku, wengi bila mafunzo na bila kifaa cha kupima kina. Mtungi ukikaribia kuisha, mtu anapanda mbio, anachukua mwingine, anashuka tena. Mamia ya wanaume wa jamii hiyo wamepooza.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina watu wanaozamia kwa mitungi kutafuta majongoo ya bahari, na viputo havibagui. Ukimwona mzamiaji aliyetoka majini analalamika maumivu ya viungo, ganzi au miguu kukosa nguvu, mlaze, apewe oksijeni kama ipo, na afikishwe upesi kwa daktari anayeweza kumpeleka penye chumba cha mgandamizo. Asirudishwe majini. Chumba hicho ni ndugu wa kile cha mbuzi wa London: mgonjwa anagandamizwa upya ili viputo visinyae, kisha anaachiliwa kwa vituo.

Roatán kuna chumba kama hicho. Kwa Mmiskito aliyeugua katikati ya bahari, akiwa kwenye meli ambayo haijajaza shehena yake, kukifikia kunaweza kuchukua siku kadhaa, na kila saa inayopita uti wa mgongo unazidi kuharibika. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu katika kesi ya wazamiaji 42 wa Kimiskito dhidi ya Honduras. Serikali ilikiri kwamba haikuyasimamia makampuni yaliyowaajiri, ikakubali kulipa fidia na kukagua meli za uvuvi. Baadhi ya wazamiaji hao walikuwa wameshafariki, na fidia ilikwenda kwa familia zao.